«Kama Yeye Aliweza»: Neno Tunalolikataa



Kuna neno moja linalotembea katikati yetu likiwa limevaa mavazi ya hekima. Husemwa katika semina za vijana. Husambazwa katika simu pamoja na picha ya mtu aliyesimama mbele ya gari jipya. Hutamkwa na wazee wanaotaka kumfariji kijana, na hata na wahubiri wanaotaka kumwamsha. Neno lenyewe ni hili: «Kama yeye aliweza, nawe utaweza.» Leo tunataka kusema waziwazi kwamba neno hilo, jinsi linavyotumiwa siku hizi, ni uongo, na kwamba uongo huo una wahanga wake, ambao baadhi yao wako chini ya udongo.

Ili tulichunguze vizuri, tutaugeukia mchezo usiochezwa hapa Malemba-Nkulu: gofu. Mtu atauliza: gofu yatuhusu nini sisi tunaoishi kandokando ya Lualaba, tunaojua nyavu na mitumbwi kuliko fimbo na vijipira vyeupe? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika gofu hakuna anayekukaba wala anayekunyang'anya mpira. Mpira umetulia chini, wakusubiri wewe peke yako. Anayetaka kuamini kwamba kila kitu hutegemea juhudi ya mtu mmoja hawezi kupata mfano mzuri kuliko huo. Pili, michezo ambayo mlango wake ni mzito kama mlango wa gofu ni michache mno. Uwanja mmoja wa mashimo 18 hula makumi ya hekta za ardhi. Nyasi zake lazima zikatwe na kumwagiliwa maji. Na mchezaji huruhusiwa kuchukua fimbo hadi 14, kila moja na kazi yake, na kila moja na bei yake. Hivyo gofu huonyesha mambo mawili kwa pamoja: juhudi na mlango. Wasimuliaji husimulia lile la kwanza, wakanyamaza juu ya la pili.

Tuanze na hadithi wanayoipenda. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2015, televisheni moja ya Marekani inayoonyesha gofu ilirusha shindano lililoitwa Big Break. Wachezaji wasiojulikana walikusanywa, wakapewa majaribio mbele ya kamera, wakaondolewa mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki mmoja. Katika shindano hilo alitokea Tommy Gainey, mtu wa South Carolina, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha mitambo ya kuchemshia maji. Alivaa glavu mikono yote miwili, ilhali wachezaji wengi wa gofu huvaa moja tu, na namna yake ya kupiga mpira haikufanana na ile inayofundishwa na walimu. Mwaka 2005 alishiriki akaondolewa. Mwaka 2007 alirudi akashinda. Kisha, mwezi wa Oktoba 2012, katika mashindano makubwa ya kulipwa huko Sea Island, Georgia, aliianza siku ya mwisho akiwa nyuma kwa mapigo saba, akamaliza mashimo 18 kwa mapigo 60 tu, akatwaa ushindi na dola 720,000.

Ni hadithi nzuri, nasi hatuna nia ya kumpunguzia mtu huyo heshima yake. Mfanyakazi wa kiwandani aliyewapita mabingwa anastahili kupigiwa makofi. Lakini tazameni yaliyoachwa nje. Kati ya kuondolewa kwake mwaka 2005 na ushindi wa 2012 ilipita miaka saba. Katika miaka hiyo alipata nafasi ya kucheza na wakubwa, akaipoteza, akashuka ngazi ya chini, akashinda huko mara mbili mwaka 2010, ndipo akapanda tena. Haikuwa bahati ya usiku mmoja. Tena, aliishi katika nchi yenye viwanja vya gofu zaidi ya 10,000, ambavyo vingi kati yake viko wazi kwa yeyote mwenye kulipia siku yake. Mfanyakazi wa kiwanda aliweza kuufikia uwanja. Mlango ulikuwa mbali, lakini ulikuwapo, tena haukuwa umefungwa kwa kufuli.

Na wale walioondolewa? Shindano la namna hiyo haliwezi kuwa na shujaa mmoja bila kuwa na kundi la walioshindwa, ndivyo lilivyotengenezwa. Nao walifanya kazi kwa bidii. Nao waliamini. Nao walikuwa na mama aliyeketi mbele ya televisheni akiwaombea. Kama imani na jasho ndivyo vinavyoleta ushindi, basi tuambiwe ni nini walichopungukiwa. Kamera haijibu swali hilo, maana imekwisha kumfuata mshindi.

Sasa tusogee karibu na kwetu. Nchini Kenya kuna mashindano ya wazi ya gofu yaliyoanza mwaka 1967. Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978, Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986, Trevor Immelman wa Afrika Kusini mwaka 2000. Tangu 2019 yamo katika mzunguko mkuu wa gofu ya Ulaya. Mwaka huo zawadi zilifikia euro milioni 1.1, na picha zake hurushwa katika televisheni za nchi nyingi. Kila mara Wakenya huingia uwanjani pamoja na wageni hao. Mmoja wao ni Dismas Indiza, mtu wa Mumias, magharibi mwa Kenya, mji uliojulikana kwa kiwanda chake cha sukari. Alianza kama mbeba mikoba: yule kijana anayetembea nyuma ya mchezaji, akiwa na mzigo wa fimbo begani, akiujua uwanja kila tuta na kila bonde, lakini asiyekuwa na ruhusa ya kupiga mpira mbele ya wenye klabu. Katika vilabu vingi vya gofu, wabeba mikoba hupewa siku moja katika juma ya kucheza. Kutoka katika hali hiyo Indiza akawa mchezaji wa kulipwa, mmoja wa mahodari wa nchi yake.

Kuna pia Jacob Okello. Mwaka 1998 alimaliza mashindano hayo ya Kenya akiwa sawa kabisa na Ricardo González wa Argentina. Ikabidi warudi uwanjani kumtafuta mshindi, na González akashinda. Okello alikuwa pigo moja tu mbali na kombe. Na hata leo, baada ya zaidi ya nusu karne, hakuna Mkenya hata mmoja aliyelichukua.

Hapo ndipo tunawauliza wenye neno lao: je, Wakenya ni wavivu? Hawaamini? Hawaombi? Ni taifa hilohilo lililomtoa Eliud Kipchoge, aliyetwaa dhahabu ya mbio za marathoni katika Olimpiki za Rio na Tokyo. Na Faith Kipyegon, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo. Mapafu ni yaleyale, moyo ni uleule, umaskini wa utotoni ni uleule. Tofauti iko wapi? Barabara ya vumbi haimtozi kiingilio mtoto anayekimbia kwenda shule. Uwanja wa gofu humtoza. Pale ambapo mlango ni barabara, maskini wamejaa kwenye jukwaa la washindi. Pale ambapo mlango ni klabu, maskini wamejaa nyuma, wakibeba mikoba. Anayelitazama jambo hili bila kuona mlango, anaangalia miguu ya watu tu.

Tena kuna milango iliyofungwa kwa makusudi, na hapo uongo wa neno hilo huonekana mchana kweupe. Huko Afrika Kusini aliishi Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, Mhindi wa Durban, naye mbeba mikoba. Alishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume cha desturi, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Akaenda Ulaya, akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, akayashinda tena 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal nyumbani kwake, na kwa kuwa sheria za ubaguzi zilimkataza asiye mzungu kuingia katika jengo la klabu, alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha. Mwaka 1965 alishinda tena, akimpita Gary Player, mmoja wa mabingwa wakubwa wa dunia wa wakati huo. Serikali ilifanya nini? Ilimfungia njia ya mashindano. Akafa mwaka 1978 akiwa maskini.

Haya basi. Papwa aliweza. Aliweza mara tano mbele ya macho ya watu. Je, kuweza kwake kulimfungulia mlango mtoto mwingine wa Durban? La. Mlango haukufunguliwa na kipaji. Uliongezewa kufuli kwa sababu ya kipaji. Ulifunguliwa miaka mingi baadaye, na watu waliozipiga vita sheria zenyewe, ambao wengi wao hawakupata kushika fimbo ya gofu maishani mwao.

Na mlango unapofunguliwa, matunda huonekana. Jirani yetu Zambia ilimtoa Madalitso Muthiya, aliyecheza mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 2006, Mzambia wa kwanza kufika hapo. Alikuwa na kipaji, ndiyo. Lakini alikuwa pia na nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha New Mexico, ambako aliweza kusoma na kufanya mazoezi. Ondoa nafasi ile ya masomo, na jina lake lisingejulikana, ingawa mikono yake ingekuwa ileile.

Tunasikia tayari lawama: «Ninyi mnawavunja vijana moyo. Kijana akiambiwa habari za milango, ataketi chini ya mti akilaumu dunia.» Tunalijibu hilo kwa uzito wake. Hatusemi kwamba juhudi ni bure. Mvuvi asiyetupa wavu hapati samaki, na mwanafunzi asiyefungua daftari hafaulu. Tunachosema ni kwamba anayemwambia mvuvi «tupa wavu» huku akijua kwamba mvuvi huyo hana wavu, hamtii moyo, anamdhihaki. Wapo pia wanaotuletea mfano wa talanta katika Injili, kana kwamba unawaunga mkono. Wausome tena, polepole. Bwana yule alianza kwa kutoa. Hata aliyepewa kidogo kuliko wote alipewa talanta nzima, fedha nyingi kwa hesabu ya siku zile, ndipo baadaye akaitwa kutoa hesabu. Kudai hesabu kwa mtu ambaye hukumpa kitu, hilo halimo katika mfano huo.

Tena neno hili hufanya ubaya wa aina mbili kwa wakati mmoja. Kwa aliyeshinda, hufuta majina ya waliomshika mkono: mwalimu, mjomba aliyelipa karo, rafiki aliyemwazima fimbo. Kwa aliyeshindwa, humgeuzia umaskini wake kuwa kosa lake. Huondoka na maumivu mawili, la kukosa na la kuambiwa kwamba alikosa kwa sababu hakutaka kwa dhati. Na wenye mamlaka hubaki wametulia kabisa, maana hakuna anayewauliza habari za mlango.

Sasa turudi nyumbani, hapa Haut-Lomami. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa za bure. Huo ni mlango uliofunguliwa, na watoto waliojaa madarasani wanaonyesha kwamba hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefungiwa nje. Lakini sekondari bado hulipiwa, na Mtihani wa Taifa bado una ada yake. Binti anayeachia masomo yake njiani kwa sababu karo ya mwaka huu imekwenda kwa kaka yake, tutamwambia nini? Tumtajie jina la mwanamke mmoja aliyekuwa maskini akawa waziri? Binti huyo hahitaji jina la waziri. Anahitaji karo, kitabu na taa ya kusomea usiku.

Na hapa tunafika penye uchungu wetu mkubwa. Kijana mmoja anarudi kutoka machimbo ya Kolwezi akiwa na pikipiki mpya na miwani ya jua. Mtaa mzima humwona. Juma linalofuata vijana watano wameacha shule na kupanda lori. Nani aliwashawishi? Si yule mwenye pikipiki. Yeye alikuwa akipita tu. Waliwashwa na neno lile: kama yeye aliweza. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka katika mgodi mkubwa na kuwafunika wachimbaji wa mikono. Waliokufa walizidi 40. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi mtaani na pikipiki ili ahesabiwe. Mshindi huonekana kwa sababu amerudi. Walioshindwa hawaonekani kwa sababu hawakurudi. Na hesabu inayohesabu waliorudi peke yao ndiyo hesabu inayotumiwa pia na wenye vibanda vya michezo ya kubahatisha: ukutani hubandika picha ya aliyeshinda, lakini karatasi za waliopoteza hufagiliwa na ufagio kila jioni.

Kwa hiyo tunaviomba vikundi vya vijana viwe na nidhamu mpya ya kusimulia. Mtu akileta hadithi ya mnyonge aliyeshinda, iwe ya gofu, ya mpira wa miguu, ya biashara au ya siasa, tusiipige makofi kabla ya kumwuliza maswali matatu. Nani alimfungulia mlango? Ilimchukua miaka mingapi, na alianguka mara ngapi? Wako wapi wale walioanza pamoja naye? Hadithi inayoweza kuyajibu maswali hayo ni hadithi ya kweli, nayo hutia nguvu ya kweli. Hadithi inayoyakimbia ni tangazo la biashara.

Lakini kuuliza peke yake hakutoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi chenye vijana 30, kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, kinaweza kumlipia mwenzao mmoja ada ya mtihani. Aliyemaliza sekondari anaweza kumpa kitabu chake yule anayeanza, badala ya kukiachia panya. Seremala, mshonaji, fundi wa pikipiki anaweza kumruhusu kijana kushika chombo chake, si kumbebesha tu. Na yale yaliyo juu ya uwezo wetu, yaani barabara, umeme, karo ya sekondari na usalama wa wachimbaji, tuyadai kwa wanaohusika, kwa adabu na bila kuchoka, kwa barua zenye sahihi zetu. Kudai mlango ufunguliwe si uvivu. Ni kazi, tena ngumu kuliko kusambaza picha katika simu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni madogo mbele ya dola 720,000. Ni kweli, ni madogo. Lakini mwenzetu mmoja akifanya mtihani wake mwaka huu kwa fedha ya kikundi, hatakuwa na haja ya kuwaambia wadogo zake «kama mimi niliweza, nanyi mtaweza». Atakuwa na neno bora zaidi la kuwaambia: «Walinifungulia, nami nimekuja kuwafungulia.»

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni mlango gani unaofungwa mbele ya vijana wengi zaidi, na ufunguo wake unashikwa na nani?

2. Ni nani kati yetu aliyefika mahali fulani kwa sababu mtu mwingine alimlipia, alimfundisha au alimwazima chombo? Amtaje kwa jina mbele ya wenzake.

3. Kikundi chetu kitamfungulia nani mlango kabla ya mwisho wa mwaka huu wa masomo, na kwa njia ipi?